Nyapara wa Nyota

Khalayi Wanyonyi hakuzaliwa na hasira. Ukitaka kujua alizipata wapi, kaulize kwenye banda la mkonge, maana ndiko zilikolelewa zikashiba. Watu wa Kaloleni, hapa Voi, wanaomwita Mama Mkali hawakumjua akiwa msichana katika nyumba za reli. Baba yake alikuwa ameshuka kutoka Bungoma kuja kutengeneza njia ya reli ya Taveta, na binti huyu alikuwa akicheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Kicheko hicho kiliisha polepole, na aliyekimaliza ana jina.

Jina lake ni Muinde Ndulu. Mzee Muinde alikuwa nyapara wa banda la kupangia madaraja katika shamba moja la mkonge ambalo halina haja ya kutajwa. Khalayi aliingia banda hilo akiwa mke mchanga, akatoka akiwa mjane mwenye mvi. Kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Nyuzi zinaletwa zikiwa zimekauka na kupigwa brashi, unachukua kicha, unakikung'uta, unatazama urefu na weupe wake, unakitupa kwenye rundo lake. Mwenye macho mazuri hasiti. Khalayi alikuwa na macho mazuri, na wenzake walikuwa nayo pia; banda zima lilikuwa na macho.

Lakini banda lilikuwa na kauli moja tu. Mzee Muinde alitembea nyuma ya wapangaji, mikono mgongoni, na wawili wakitofautiana juu ya kicha kimoja hapakuwa na mjadala. Waliinua nyuso, yeye akaelekeza kidevu upande mmoja, basi. "Robota moja, daraja moja," alizoea kusema, na kwa kweli robota, ule mzigo wa nyuzi uliobanwa na kufungwa, haliwezi kutoka na madaraja mawili, mnunuzi atalirudisha. Khalayi alilielewa hilo. Asichoweza kumeza ni kwamba kidevu kile hakikuwahi hata siku moja kuelekea upande wake. Akisema hizi zina umanjano, kidevu kinasema ni nyeupe. Akisema nyeupe, kidevu kinaona umanjano. Ilifika mahali wapangaji wengine hawatazami tena nyuzi, wanatazama kidevu. Miaka yote hiyo, hakuna kitu hata kimoja alichokiona Khalayi kilichotoka getini kama alivyokiona yeye. Kilitoka na muhuri wa shamba na uamuzi wa Muinde.

Kisha shamba likabadilisha mitambo na wapangaji wakaambiwa waende nyumbani, na Mzee Muinde pamoja nao. Khalayi akaanza kuuza sare za shule karibu na soko. Wakikutana njiani, yeye na mzee, walisalimiana kwa heshima, maana heshima haina uhusiano na upendo, na kila mmoja akashika njia yake. Angeweza kuishi hivyo mpaka mwisho wa siku zake kama Lavender Okoth asingerudi.

Lavender alizaliwa katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba lile lile. Baba yake alikuwa akilisha majani kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na mtoto mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watoto wakonde wanaouliza maswali mpaka mtu anajifanya kiziwi. Akasoma, akasoma tena, akawa daktari. Si wa hospitali, wa nyota. Sasa anafanya kazi katika chuo kikuu huko Nairobi, na siku moja akawaita wapangaji wa zamani katika ukumbi wa kanisa Kaloleni, akawasimamishia skrini.

"Mimi na wenzangu wa nchi kadhaa tunatengeneza katalogi," aliwaambia. "Tunatafuta nyota changa zilizo nzito, katika galaksi jirani na hii yetu. Nzito kuliko jua mara nane, mara ishirini, hata zaidi."

Kasyoka, aliyekaa miaka mingi meza moja na Khalayi bandani, akauliza nyota changa inajulikanaje, kwani ina cheti cha kuzaliwa?

Watu wakacheka, na Lavender akacheka nao. Akaeleza kwamba nyota huzaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi, na nyota nzito ikiwa bado changa vumbi hilo huifunika kabisa. Macho ya kawaida hayaioni. Lakini inalipasha vumbi joto, na joto hilo hunaswa na darubini zinazoona mwanga wa infraredi, kama mkono unavyoweza kujua jiko lina moto hata kabla hujafunua. Kompyuta imekwisha kuchagua kila kitone chenye rangi inayofaa. Tatizo, akasema, kompyuta inadanganywa na rangi. Nyota kongwe inayokaribia kufa hutema vumbi, vumbi likaizunguka, ikapata rangi ile ile. Na galaksi nyingine, zilizo mbali kabisa nyuma ya zile tunazozitazama, nazo hujipenyeza na rangi ile ile.

"Kwa hivyo tunataka macho," alisema. "Ukitazama picha unaona majirani. Changa ina mawingu machafu machafu pembeni, ina ndugu zake wamebanana. Kongwe mara nyingi iko peke yake, safi, duara. Ile galaksi ya mbali unaiona imechuchumaa, imerefuka kidogo. Mimi nimekulia kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kutazama vitu vinavyofanana na kuvitenganisha. Nikasema, niende wapi kwingine?"

Kompyuta zilipangwa ukumbini kwa safu. Kila picha ilikuwa na majibu manne ya kubonyeza: changa, kongwe, galaksi ya mbali, sijui. Kila mtu alipewa namba yake, na picha moja ilipita kwa watu wote chumbani bila mmoja kuona jibu la mwenziwe.

"Sheria ni moja," Lavender alisema kabla ya kurudi Nairobi. "Kila mtu ajibu peke yake. Msiulizane."

Hakueleza kwa nini. Ni mtu wa shule, alidhani sababu inajulikana. Nami sitamsamehe upesi kwa hilo, maana aliwajua watu wale na alilijua banda lile.

Katika watu wote walioketi mbele ya kompyuta zile, aliyeisikia sheria hiyo kama habari njema ni Khalayi. Kila mtu ajibu peke yake. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake Shanice kwamba sasa kuna kitu atakitazama, atakiita jina, na kitabaki na jina hilo. Majina ya waliotazama yangechapishwa mwanzoni mwa katalogi, Lavender alikuwa ameahidi, na wataalamu wa nchi zote wangeitumia kuamua darubini kubwa zielekezwe wapi.

"Na ukikosea, Mama?" Shanice aliuliza.

"Nikikosea litakuwa kosa langu," Khalayi akasema. "Hata hilo sijawahi kupewa."

Siku za mwanzo ukumbi ulikuwa kimya, mausi tu zikilia. Mzee Muinde alichagua kiti cha nyuma kabisa. Alisema anaukimbia upepo wa dirishani, lakini kutoka pale aliona skrini zote. Sidhani alikusudia mabaya. Mtu aliyetembea nyuma ya wenzake maisha yake yote hawezi kukaa mbele, atahisi kibaridi shingoni.

Aliyevunja kimya ni Kasyoka. Alikwama kwenye picha moja, akageuza shingo kama alivyoigeuza maelfu ya mara bandani.

"Mzee, hii je?"

Mzee Muinde akaitazama kutoka mbali, akaelekeza kidevu. "Changa hiyo."

Kasyoka akabonyeza changa. Na kwa kuwa picha ile ile ingepita kwa wote, wote waliokuwa wamesikia wakabonyeza changa. Haikupita wiki hiyo kabla ukumbi haujageuka banda. Hata hawakuuliza tena. Picha ikiwa na utata, hata kidogo, mtu anakohoa, kidevu kinainuka, sauti inasema changa au kongwe, na vidole vyote vinashuka pamoja.

Khalayi alisimama akawaambia. Hakuwaambia kwa upole, tusidanganyane.

"Nyinyi mmerogwa? Lavender alisema nini hapa? Alisema kila mtu peke yake. Mmepewa macho na Mungu, mmeyaweka mfukoni mwa mtu mmoja. Hata hapa? Hata mbinguni mnataka nyapara?"

"Mama Shanice, keti," Mzee Muinde alisema bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi, kwamba hakuwahi kupandisha sauti. "Tukipeleka majibu ya kupingana, Daktari ataambiwa na wale wenzake kwamba watu wa Voi hawajui kazi. Mmoja anasema changa, mwingine kongwe, itakuwa aibu ya nani? Ni ya huyo mtoto wa Okoth. Mzigo unatoka na daraja moja."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na ukilitazama kwa macho ya banda, hapakuwa na kosa katika maneno yake. Walikuwa wanamlinda Lavender. Walikuwa wanampa kazi safi kama walivyofundishwa kazi safi ilivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyedhani anaharibu kitu. Khalayi mwenyewe hakujua sheria ile iliwekwa kwa nini. Alijua tu kwamba amenyang'anywa tena, kwa mkono ule ule, mchana kweupe, na safari hii hapakuwa hata na mshahara wa shamba wa kumfunga mdomo.

"Mimi simfuati," alisema, akaketi. "Andikeni mnavyotaka. Mimi simfuati huyu mtu tena."

Na hakumfuata. Toka siku hiyo aliburuta kiti chake mpaka pembeni, akawapa wote mgongo, akafanya kazi meno yakiwa yameumana. Sauti ikitoka nyuma, "changa", alihisi damu inampanda masikioni. Wenzake wakaacha kumpa chai. Kasyoka akaanza kumwita Profesa, tena kwa ile sauti ya kumfanya mtu atamani kutupa kikombe. Khalayi alivumilia yote. Alijiambia iko siku.

Siku yenyewe ilikuja. Lavender alishuka kutoka Nairobi na treni ya asubuhi, akaingia ukumbini bila tabasamu, akaweka mkoba wake juu ya meza akaomba kila mtu asogee karibu.

"Kazi yenu imekataliwa," alisema.

Mzee Muinde alivua kofia.

"Mnakubaliana kupita kiasi," Lavender aliendelea, na sauti yake ilikuwa na hasira na kilio vikigombania nafasi. "Kuna vikundi vya nchi nyingine vinavyotazama picha hizi hizi, vinatofautiana kila siku. Nyinyi hamtofautiani. Tulichanganya humo picha ambazo tayari tunazijua, zilipimwa na darubini kubwa. Mnazokosa, mnakosa wote. Zile zile, kwa namna ile ile. Mlikuwa mnaulizana?"

Shingo zote zikamgeukia Mzee Muinde.

"Lakini tulitaka kazi yako itoke safi, mwanangu," Mzee Muinde alisema.

"Mzee, kutofautiana kwenu ndiko kulikokuwa kazi yenyewe." Lavender aliketi. "Watu kumi wakisema changa, kila mmoja peke yake, nina sababu ya kuamini. Sita wakisema changa na wanne kongwe, ninajua kuna shaka, na ninaandika kwenye katalogi kwamba hapa kuna shaka, ili mtu asipoteze usiku mzima wa darubini akitazama kitu kisichokuwepo. Nyinyi mmenipa jicho moja mara kumi. Jicho hilo likikosea, sina namna ya kujua."

Ndipo Khalayi alipofungua mdomo. Aliyoyasema siwezi kuyaandika yote. Aliwataja mmoja mmoja. Alimwambia Kasyoka kwamba shingo yake ndiyo imeiua kazi ya watu. Alimwambia Mzee Muinde kwamba amekula macho yake bandani, akaja kuyatafuta hapa yaliyobaki. Alimgeukia hata Lavender: kama ulijua sababu, kwa nini hukutuambia? Uliogopa hatutaelewa? Lavender aliinamisha kichwa akasema ni kweli, alipaswa kusema, na kwamba kosa hilo ni lake.

"Ila kuna jicho moja halijapotea," Lavender akaongeza, akimtazama. "Lako, Mama Shanice. Kati ya wote, ni wewe tu uliyejibu tofauti. Zile picha za majaribio ambazo wenzako wote walizikosa, wewe ulizipata, karibu zote. Nyingine ulizikosa, lakini kila mtu hukosa. Makosa yako ni yako mwenyewe. Nimeongea na wenzangu wamekubali. Majibu yako yatabaki, na jina lako litachapishwa."

Sijui nielezeje uso wa Khalayi wakati ule. Shanice angekuwepo angekumbuka hadithi za bibi yake kuhusu msichana wa nyumba za reli. Wenzake walimtazama kwa chuki ya wazi, na chuki hiyo ilimtelemka mwilini bila kumshika. Jina lake litaandikwa. Alichokiona yeye kitatoka getini.

"Nitahitaji kuandika maelezo mafupi," Lavender alisema, akifungua kompyuta ya karibu. "Namna ulivyokuwa unaamua. Tuchukue hii. Wote wamesema changa, wewe umesema kongwe. Ulionaje?"

Khalayi akaisogelea skrini akiwa bado na tabasamu lake. Akaitazama picha.

Ilikuwa changa. Hata Shanice, ambaye hajawahi kufundishwa, angesema ni changa. Mawingu yalikuwa yamekusanyika pembeni yake, mazito, yamechanika chanika, na ndani ya mawingu hayo vitone vingine vimebanana. Khalayi alitafuta alichokuwa amekiona siku ile kilichomfanya aseme kongwe, na hakukiona. Alichokikumbuka ni sauti. Sauti ya nyuma ikisema "changa hiyo", damu ikimpanda masikioni, na kidole chake kikienda kongwe kabla macho hayajafika.

"Nionyeshe nyingine," alisema.

Lavender akamwonyesha. Hii wenzake walisema kongwe, yeye changa. Ilikuwa peke yake katika weusi, duara, safi kama sahani iliyooshwa. Akaomba nyingine, na baada yake nyingine tena. Palikuwa na moja ambayo Mzee Muinde alikosea, na hapo Khalayi alikuwa amepata, na Lavender akaigusa kwa kidole akisema unaona. Khalayi aliona. Aliipata hiyo kwa sababu mzee aliikosa, basi, wala hakuwa ameitazama kuliko zile nyingine.

Tabasamu lilikuwa limekwisha kutoka. Angeweza kunyamaza, na nataka msomaji alijue hilo. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lavender alikuwa tayari na kalamu, wenzake walikuwa tayari na chuki yao, na jina la Khalayi Wanyonyi lilikuwa nusu ya njia kwenda kuchapishwa. Palihitajika sentensi moja tu ya uongo, kuhusu mawingu au umbo.

"Toa na yangu," alisema.

"Nini?"

"Majibu yangu. Toa na yenyewe." Sauti ilimtoka kavu, kwa hasira ambayo hakuwahi kuijua hata bandani. "Hii hapa nilisema kongwe kwa sababu huyu alisema changa. Na hii. Na ile. Akisema kushoto mimi nakwenda kulia. Sikuwa natazama hizi nyota, Lavender. Nilikuwa nangoja aseme."

Lavender aliweka kalamu chini polepole. Kasyoka, ambaye alikuwa na neno tayari, alilimeza.

"Jina lako, Mama Shanice," Lavender alisema. "Ukitoa yako, Voi haina mtu hata mmoja humo."

"Nimesikia. Toa."

Mzee Muinde alikuwa bado ameshika kofia. Alimtazama Khalayi muda mrefu, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama miaka yote ile ya kupita nyuma yake.

"Kumbe ulikuwa unanisikiliza," alisema.

"Kuliko hawa wote," Khalayi akamjibu, akachukua mkoba wake.